Udongo wa Meru na Kilimanjaro upimwe ukiwa mbichi

Peleka gunia la udongo maabara yoyote ya barabara na kazi itaanza vilevile: unaanikwa, unapondwa mabonge, unachekechwa. Kwa udongo mwingi wa nchi hii hakuna ubaya. Kwa udongo wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kipimo kinaharibika hapohapo kwenye kuanika. Unene wa tabaka, kiasi cha maji, hata idadi ya mapito ya rola vinapangwa kwa namba za udongo ambao mkandarasi hataukuta saiti.

Vipimo vyenyewe havikutungwa kwa ajili ya milima ya volkano. CBR, kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, ilianzia idara ya barabara ya California mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1933 Ralph Proctor, mhandisi wa mabwawa hukohuko California, alionyesha kuwa kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho unashikana kuliko vyote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitumia CBR kujengea viwanja vya ndege, ikasambaa duniani. Mwongozo wetu wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 nao umesimama juu yake: udongo wa chini unapangwa S3, S7 au S15, namba ikiwa ni CBR ya chini inayokubalika. Sampuli inashindiliwa, inalowekwa siku 4, kisha pistoni ya kipenyo cha karibu milimita 50 inasukumwa ndani polepole na nguvu inasomwa ikifika milimita 2.5 na 5. Ni kipimo kizuri. Tatizo ni kilichotangulia.

Ukishuka kutoka mlimani unapita aina tatu za udongo, ingawa mipaka yake haijanyooka. Juu, kwenye migomba na kahawa, ni udongo wa majivu ya volkano: mweusi au kahawia, mwepesi mkononi, una mboji nyingi. Chini yake ni mwekundu wa mfinyanzi, ule unaoonekana Tengeru na kuizunguka Moshi. Kwenye tambarare kuna mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Huu wa tatu kila fundi anauogopa, kwa hiyo mara nyingi unashughulikiwa: unaondolewa sentimita 60 hadi mita 1, unajazwa kifusi kisichovimba, mabega ya barabara yanafunikwa lami, na mitaro inasogezwa mbali na ukingo ili maji yasirudi chini ya magurudumu. Hasara nyingi zinatoka kwenye ile miwili ya kwanza, kwa sababu inaonekana mizuri.

Udongo wa majivu una madini yanayoitwa alofeni, na ule mwekundu mara nyingi una haloisaiti. Yote mawili hubeba maji ndani ya muundo wake. Ukiukausha, chembe zinagandamana kuwa punje kubwa na hazirudi tena hata uuloweke wiki nzima. Mfinyanzi unageuka kitu cha kufanana na mchanga. Kipimo cha unyumbufu kinashuka, msongamano wa juu unapanda, na unyevu unaofaa kushindilia unatoka mdogo mno. Saiti, udongo huohuo una unyevu wa asili unaoweza kupita asilimia 60, ilhali ripoti inadai asilimia 25 au 30. Mkandarasi anaambiwa aukaushe. Kwa mvua za masika za Machame au Marangu, aukaushe lini?

Kinachofuata kinajulikana. Greda linageuza udongo mara kadhaa ili uanikwe, rola zito linapita, na kila pito linabomoa vibonge vya asili vya chembe zilizoshikana na kuachia maji yaliyokuwa yamefungwa ndani. Mapito mawili ya kwanza udongo unakaza. Kufikia la sita unacheza kama sifongo. Msimamizi anaagiza mapito zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya. Dawa ni kuacha: ondoa kwa kijiko cha mashine ya kuchimbia badala ya greda, usikanyage usawa uliochongwa, mwaga tabaka la kifusi kigumu au mawe kwa kurudi nyuma ili malori yapite juu yake, shindilia kwa rola jepesi bila mtikisiko. Saruji nayo isiwe jibu la haraka, kwani mboji iliyomo huizuia kushika.

Maabara, mpango ni huu. Sampuli iwekwe kwenye mfuko wa plastiki papo hapo, ifungwe isipitishe hewa, iandikwe wazi isikaushwe. Kabla ya yote, chukua vipande viwili vya udongo uleule: kimoja kwenye oveni ya nyuzi 105 kama kawaida, kingine kwa nyuzi zisizozidi 50 mpaka uzito usibadilike. Unyevu ukitofautiana kwa asilimia 4 au zaidi, oveni inatoa maji ya ndani ya madini, na vipimo vyote vifanywe kwa joto la chini. Kwa kipimo cha Proctor cha kushindilia, anza na udongo mbichi na uupunguze maji hatua kwa hatua, ukitumia udongo mpya kwa kila nukta. Kushindilia udongo uleule mara tano kunauvunja, na mchoro utakaoupata ni wa udongo uliovunjika.

Udanganyifu huu hauendi upande mmoja tu. Bwawa la Sasumua nchini Kenya lilijengwa kwa udongo wa haloisaiti ambao kwa vipimo vya kawaida ungeonekana haufai, nao ukawa imara. Karl Terzaghi aliandika mwaka 1958 kueleza kwamba nguvu yake ilitoka kwenye vishada vya chembe zilizoshikana. Kwa hiyo kuukataa udongo mwekundu wote na kuchota kifusi cha mbali ni kosa la gharama vilevile.

Ndiyo maana naiamini zaidi DCP, ile fimbo ya chuma yenye ncha ya milimita 20 inayogongwa kwa nyundo ya kilo 8 ikidondoka milimita 575. Inapima udongo ulivyolala, bila kuuchokonoa. Ikizama milimita 20 kwa pigo, CBR ni kama 13. Milimita 40 ni kama 6. Milimita 80 ni 3, na hapo usanifu wa kawaida unakoma. Pimeni masika yanapoisha. Fimbo iliyogongwa Februari inasifu kila barabara. Mwongozo wa barabara zenye magari machache wa mwaka 2016 umeiingiza njia hii kwenye usanifu, na barabara nyingi za vijiji vya mlimani ni za kundi hilo.

Mwisho ni njia yenyewe. Migongo ya Kilimanjaro inashuka moja kwa moja kutoka kileleni, na katikati yake kuna makorongo. Barabara inayokata mlima kwa upana, kama ya Moshi–Arusha, inalipa kwa madaraja: Karanga, Weruweru, Kikafu. Inayopanda juu ya mgongo haina daraja, lakini maji yote yanateremka nayo sambamba, na mtaro wa udongo kwenye mwinuko wa zaidi ya asilimia 5 unachimbika mpaka unakula bega. Ujengwe kwa mawe. Maji yatolewe pembeni mara kwa mara, ila usiyaelekeze katikati ya kihamba cha mtu, yaani shamba lake la nyumbani. Tafuta mpaka wa vihamba viwili au korongo, mkubaliane kabla ya mchoro kukamilika. Kalavati la sentimita 60 linazibwa na magome ya migomba msimu wa kwanza; la 90 mtu anaingia akasafisha. Na mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, ihesabiwe yote siku ya upimaji, hata iliyokauka, kila mmoja uwekewe bomba kabla ya tabaka la msingi. Mwenye mfongo akikuta njia ya maji yake imefukiwa, atakata lami usiku huohuo, na maji yatapita chini ya kila ulichoshindilia.