Nanaa na rozmari zisikae chungu kimoja

Ukiipanda mimea hii miwili ya viungo pamoja, mmoja utakufa, na mara nyingi ni rozmari. Nanaa inataka udongo wenye unyevu muda wote na huvumilia kivuli cha nusu siku. Rozmari inataka jua kwa saa 6 au zaidi kila siku, na udongo usiotuamisha maji: sehemu 2 za udongo kwa 1 ya mchanga wa chembe kubwa. Imwagilie pale tu unapochomeka kidole sentimita 3 ukakuta pakavu. Ukiona inanyauka huku udongo umelowa, mizizi inaoza. Ukiongeza maji unaimalizia.

Nanaa ni rahisi, tena rahisi kupita kiasi. Kipande cha sentimita 10 kwenye glasi ya maji hutoa mizizi ndani ya wiki 1 au 2, ila ukikipanda bustanini hutambaa chini kwa chini hadi kiteke tuta zima. Kibakize chunguni.

Jikoni, rozmari tia mapema, inastahimili moto. Nanaa mbichi tia mwishoni. Na unapopogoa rozmari, usishuke hadi kwenye shina gumu lisilo na majani; mara nyingi halichipui tena.