Petro hakuthubutu kusema agape

Jana jioni kwenye somo la Biblia hapa Kampala tulifika Yohana 21, na usingizi ukanipaa. Kwa Kiswahili Yesu anamuuliza Petro mara 3, "wanipenda?", neno lilelile. Kiganda nacho, okwagala inabeba yote. Lakini kwenye Kigiriki, mara 2 za kwanza Yesu anauliza kwa agapao, kitenzi cha agape, pendo la kujitoa, na Petro anajibu kwa phileo, pendo la rafiki. Mara ya 3 Yesu mwenyewe anasema phileo. Anamshukia Petro pale alipo! Wapo wataalamu wanaosema Yohana anabadilisha maneno kwa mtindo tu, nami nawaheshimu, ila moyo wangu umeshaguswa.

Eros, neno la Kigiriki la pendo la kimapenzi, halimo kabisa katika Agano Jipya. Storge, pendo la jamaa, limo ndani ya neno la Warumi 12:10, na hapo ndipo nilipomkumbuka kaka yangu. Tuligombania kibanja, kipande cha ardhi cha marehemu baba, tukanyamaziana. Nilikuwa nangoja agape inijae kwanza. Leo asubuhi nimempigia na hicho kidogo nilicho nacho. Alipokea. Tumeongea habari za mvua na mihogo.