Nionyeshe huo mstari: nilivyochagua bima kubwa ya gari langu

Kwetu ni Busia, upande wa Uganda, lakini duka langu la vitenge liko Kikuubo mjini Kampala, kwa hiyo maisha yangu ni ile barabara moja tu, Mukono, Lugazi, Mabira, Jinja, Iganga, Bugiri, nyumbani, alafu narudi. Gari ni Premio ya kawaida nililinunua kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, na nikilikosa hata wiki moja biashara inasimama. Naandika hii kwa sababu watu wengi naowajua wanalipa bima kubwa, ile komprehensivu inayobeba mpaka gari lako mwenyewe, bila kujua wamenunua nini, na mi mwaka wa kwanza nilikuwa hivo hivo na iliniuma sana.

Kabla ya hapo nilikuwa na thadi pati tu kama kila mtu, ile ya stika ambayo afande akikusimamisha ndo anaangalia. Nilikuwa naamini kabisa kwamba nikigonga gari la mtu ile stika italitengeneza. Hapana. Thadi pati ya lazima hapa Uganda inaangalia mwili wa mtu mwingine, akiumia au akifa, basi. Gari lake haiko ndani, na gari lako ndo usiulize kabisa. Jirani yangu wa duka aligonga Prado ya watu akaja kuuza kiwanja, na hapo ndo nikasema mi nachukua bima kubwa, kesho yake.

Na kweli kesho yake nilichukua. Kijana wa bima alinikuta dukani, akaniuliza gari ni la bei gani, nikamwambia milioni 32, akasema mama, tukiandika milioni 20 utalipa kidogo, si unajua hesabu ni asilimia 4 ya bei ya gari. Milioni 32 ingekuwa 1,280,000 na milioni 20 ni 800,000. Laki nne na themanini nimebakisha, nikafurahi, nikalipa, nikapewa stika na karatasi moja. Mkataba wenyewe sikuuomba na yeye hakuuleta.

Miezi saba baadaye, Nakawa, asubuhi, boda ikanikatia mbele nikaikwepa nikaingia nyuma ya pikapu yenye bampa ya chuma. Pikapu haikuwa na shida kubwa, mi ndo boneti ilipanda juu, taa zote mbili, rediata, bampa, kila kitu cha mbele. Mwenye pikapu akawa mkali, watu wamejaa, mi natetemeka, nikampa laki tatu yaishe, nikamwambia pia mbele ya watu kwamba kosa ni langu. Kumbe kwenye mkataba kuna mstari unasema usikubali kosa na usimlipe mtu chochote barabarani kabla kampuni haijajua. Zile laki tatu hazikurudi, na barua ya kwanza niliyopata kutoka kwao ilikuwa inaniuliza kuhusu hilo.

Gereji ikapiga hesabu milioni 6. Nikasubiri milioni 6. Ikaja karatasi ya kusaini ya 3,250,000. Nilienda ofisini kwao nikiwa nalia, na mama mmoja pale mapokezi, Mungu ambariki, alinikalisha chini akanielezea kwa kalamu. Gari lina thamani ya milioni 32, wewe umelikatia bima ya 20, maana yake sehemu ya 12 umejibebea mwenyewe. Kwa hiyo kila hasara tunagawana kwa hesabu hiyo hiyo, 20 kwa 32, milioni 6 inakuwa 3,750,000. Alafu kuna eksesi, ile hela ya kwanza ambayo mwenye gari anabeba kila akidai, asilimia 10 lakini isipungue laki tano, toa laki tano, inabaki 3,250,000. Hiyo kanuni wanaita avareji na ilikuwa imeandikwa wazi kwenye mkataba ambao sikuwahi kuushika mkononi. Kwa kubakisha 480,000 nilitoa mfukoni 2,750,000, na hapo sijahesabu zile za pikapu wala wiki tano bila gari.

Mwaka uliofuata nikabadilisha njia. Nilichukua daftari la shule la mtoto, la kurasa 48, nikakaa usiku nikaandika siku mbaya zote ambazo zinaweza kunikuta MIMI, kwa barabara zangu na watu wangu. Sikuandika maneno ya bima, niliandika maisha. Alafu nikaenda kwa mabroka watatu, wale wanaokutafutia bima kwenye makampuni, na kila mmoja nilimwambia kitu kimoja, sitaki brosha, nataka mkataba wenyewe kabla sijalipa, na kila swali langu unionyeshe mstari unaojibu. Ukinijibu kwa mdomo tu mi naandika hapana.

Mmoja alikataa kabisa kutoa mkataba kabla ya hela. Huyo nilimshukuru nikaondoka.

Swali la kwanza lilikuwa la bidhaa. Mi nikienda nyumbani nabeba marobota ya vitenge nyuma, na bima yangu ya zamani iliandikwa matumizi binafsi. Broka wa pili akasema haina shida, mteja wangu anabebaga mpaka matoke, nikamwambia nionyeshe mstari, akatafuta, akapata mstari unaosema kinyume, kwamba gari likiwa linabeba mizigo ya biashara wakati wa ajali hawalipi. Alinyamaza. Broka wa tatu, mzee mmoja wa Tororo ambaye tuliongea Kiswahili mwanzo mpaka mwisho (hii ilinisaidia sana, maneno ya bima kwa Kiingereza yananichanganya na sikuona aibu kumwambia arudie), yeye akasema tuandike kwenye skedyuli, ile karatasi ya mkataba yenye maelezo ya gari lako, kwamba mwenye gari anabeba bidhaa zake mwenyewe za duka, utaongeza kidogo, lakini bidhaa zenyewe hazimo, ni gari tu. Hiyo ndo nilitaka, jibu lenye mpaka unaoonekana.

Swali la pili ni mdogo wangu. Yeye ndo anaendesha nikiwa nimechoka, ana miaka 22 na pamiti yake ya kuendesha haijamaliza hata miaka miwili. Kwenye mikataba yote miwili niliyoisoma ajali ya dereva kijana au mwenye pamiti mpya inalipwa sawa lakini eksesi inaongezeka, na kila kampuni ina namba yake. Kwa mzee wa Tororo ilikuwa laki tano juu ya ile ya kawaida. Nilimwonyesha mdogo wangu hiyo karatasi, akasema dada basi Mabira usiku utaendesha wewe, na mpaka leo ni hivo.

La tatu, vioo. Mtu wa Kampala anajua, uko kwenye jam, dirisha limefungwa, mtu anapita anang'oa sait mira au taa ya indiketa anaingia kati ya magari amepotea. Nilidhani wizi ni wizi. Kumbe mkataba mmoja ulisema wizi wa gari zima tu, kipande kilichong'olewa gari likiwa limebaki hakimo. Mwingine ulikubali vipande lakini mwisho laki nane kwa mwaka. Na gari zima likiibiwa, bila traka, kile kifaa kinachoonyesha gari liko wapi, walikuwa wanakata asilimia 20 ya bei, ukiwa na traka inayofanya kazi wanakata 10. Kwa gari langu, ambalo mwaka huo lilithaminiwa milioni 29, hiyo tofauti ni 2,900,000, traka nikafunga wiki hiyo hiyo. Angalia na neno inayofanya kazi, maana ukiacha kulipia ile huduma ya kila mwaka traka inakuwa chuma tu ndani ya gari na wao watauliza risiti.

La nne, fujo. Novemba 2020, tarehe 18 na 19, mi nilikuwa mjini, matairi yanawaka barabarani, nilifunga duka nikaacha gari nikatembea kwa mguu mpaka Namuwongo nikiomba tu nilikute salama. Nililikuta, lakini nikajua. Mikataba ya kawaida inatoa fujo za kisiasa na ugaidi nje, unaziongeza mwenyewe kwa hela ndogo. Niliambiwa asilimia 0.25 ya bei ya gari, kwangu 72,500. Nchi yetu inafanya uchaguzi kila baada ya miaka mitano na duka langu liko katikati ya mji, hapo sikufikiria mara mbili. Mafuriko pia niliuliza, maana mvua ikinyesha sehemu za Kampala maji yanafika mlangoni, na hayo kwa mzee yalikuwa ndani, ila kama umeona maji na ukaingia kwa nguvu injini ikanyonya, watabishana na wewe. Alinionyesha mstari wa dereva kuchukua tahadhari.

Mashimo, matairi, shokapu, gari kuzeeka, gari kuharibika lenyewe, hayo hakuna aliyekubali. Sawa, hiyo si ajali.

La mpaka nililiuliza sana kwa sababu nina shangazi Bungoma, Kenya, na navuka. Watu wanaona Yelo Kadi ya COMESA wanadhani wamemaliza. Yelo Kadi inafanya kazi ya thadi pati nchi nyingine, inaangalia watu utakaowaumiza huko. Premio yako ikikunjwa Bungoma hiyo kadi haiigusi. Lazima bima kubwa yenyewe iseme kwamba inafika Kenya, na mingi inasema Uganda peke yake mpaka uombe. Mzee aliiongeza Afrika Mashariki kwenye skedyuli, tukaandika pamoja na Yelo Kadi, vitu viwili tofauti.

Bei ya gari sasa. Safari hii nilikataa kusema namba kwa mdomo, tulienda kwa mthamini anayekubaliwa na kampuni, akasema milioni 29, ikaandikwa 29. Niliuliza je tukiandika 40 si nitalipwa 40 likiibiwa, mzee akasema hapana mama, wanalipa thamani ya siku ile limepotea, hiyo ya juu utakuwa unalipia hewa. Na kila mwaka inashuka, kwa hiyo kila mwaka unathamini upya.

Mwisho nilikuwa na bei mbili mezani. Broka wa pili asilimia 3.5, yaani 1,015,000. Mzee asilimia 4, 1,160,000, na fujo 72,500 juu yake. Tofauti 217,500. Lakini wa bei rahisi eksesi yake haipungui milioni nzima, vipande hakuna, fujo hakuna, na nikigonga gari la mtu anabeba mpaka milioni 5 tu. Milioni 5 kwa Kampala hii ya magari makubwa! Mzee anabeba mpaka 20. Nikakumbuka kiwanja cha jirani yangu nikachagua mzee. Juu ya hapo kuna kodi ya VAT asilimia 18, ushuru wa mafunzo asilimia 0.5, stempu na stika, kwa hiyo jumla ilipita milioni moja na laki nne na nusu na ilibidi nilipe yote ndo bima ianze. Hiyo asilimia 4 wanayokutajia mwanzoni haina kodi ndani, uliza jumla ya mwisho kabisa.

Kabla ya kutoa hela niliangalia pia kama kampuni na broka wana leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima hapa Uganda. Hao wana pia dawati la malalamiko, na mwaka ule wa kwanza sikujua, pengine wasingenibadilishia kitu lakini angalau ningesikilizwa.

Agosti iliyopita, Lugazi, tingatinga la kubeba miwa likarudi nyuma bila kuangalia likanipasua mlango wa kushoto na madigadi. Halikusimama. Nikaita polisi, nikapiga picha mahali gari lilipo kabla ya kulisogeza, nikampigia mzee nikiwa bado pale, sikulumbana na mtu. Mkaguzi wa polisi akaandika ripoti, mthamini wa kampuni akaja gerejini siku ya nne. Hesabu ilikuwa 2,400,000, wakatoa laki tano ya eksesi, wakalipa gereji 1,900,000. Avareji haikuwepo. Marobota ya vitenge yalikuwa ndani ya gari siku hiyo, afande aliyaandika kwenye ripoti, na hakuna aliyeniuliza chochote kwa sababu mstari ulikuwepo.

Mwezi ujao narenyu, yaani nalipia bima ya mwaka mwingine. Mdogo wangu anataka wikendi alifanyie gari kazi ya speshoo haya kidogo apate hela ya chuo, nimempigia mzee, amesema hiyo ni kubeba abiria kwa malipo, ni bima nyingine kabisa, akaniambia nisimruhusu hata siku moja kabla hatujakaa. Nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wa 31.