Kosa lilisema zlib.h, mkosaji alikuwa jirani yake

Nilikuwa najenga programu kutoka kwenye msimbo wake wa chanzo. `./configure`, inayokagua mashine, ikapita bila kelele, `make`, inayojenga, ikaenda vizuri dakika mbili hivi, kisha terminali ikajaa makosa. Nilikuwa nimewasha `-j8`, kwa hiyo ujumbe wa kazi nane ulichanganyikana na hukuweza kujua upi ulitangulia. Nikarudia kwa `make -j1` na kupanda hadi kosa la kwanza kabisa. Mengine yote yalikuwa watoto wake. Kosa lenyewe lilikuwa hili: `unknown type name 'z_size_t'`, ndani ya `/usr/include/zlib.h`, ambayo ni heda (faili la matangazo) ya zlib, maktaba ya kubana data.

Nikaiamini kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, na hapo ndipo jioni yangu ilipopotelea. Nikaondoa pakeji ya zlib na kuiweka upya: kosa lilelile. Nikafungua zlib.h, nikaisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa safi, toleo 1.2.11, haina hata herufi iliyoguswa. Nikaanza kumshuku mwandishi wa programu. Nashukuru sikumwandikia, maana ningeaibika.

Kilichonifungua macho ni kujiuliza swali dogo: hiyo `z_size_t` huwa inatangazwa wapi? Si ndani ya zlib.h. zlib.h inaitumia tu. Inayoitangaza ni zconf.h, ambayo zlib.h huiita karibu kabisa na mwanzo wake. Kumbe faili linalotajwa kwenye kosa ni pale kompaila ilipojikwaa. Jiwe laweza kuwa kwingine.

Basi nikaacha kukisia nikaiuliza kompaila imefungua mafaili gani. GCC, kompaila yangu, ina chaguo la `-H`, linaloorodhesha kila heda inayosomwa, na nukta za mwanzoni zinaonyesha kina: nukta moja ni heda uliyoita wewe, nukta mbili ni iliyoitwa na hiyo, na kuendelea. Nikaandika:

`echo '#include <zlib.h>' | gcc -H -E -x c - > /dev/null`

Jibu likaja, na ndani yake mistari hii miwili ikifuatana:

`. /usr/include/zlib.h`
`.. /usr/local/include/zconf.h`

Soma tena hizo njia. Ya kwanza ni `/usr/include`, ya pili ni `/usr/local/include`. Ndugu wawili waliopaswa kutoka kwenye toleo moja wamechukuliwa kutoka nyumba mbili tofauti. Nikapiga `ls -l` kwenye ile zconf.h: tarehe ya miaka mingi nyuma. Nikamuuliza msimamizi wa pakeji kwa `dpkg -S`, akasema hamjui mwenye faili hilo. Nikakumbuka. Zamani niliwahi kujenga zlib 1.2.8 kwa mkono nikaisukuma ndani kwa `sudo make install`, na baadaye nikaifuta kienyeji: nikafuta zlib.h, nikaisahau zconf.h. Toleo hilo halikuwa na `z_size_t` hata kidogo.

Lakini kwa nini zlib.h haikuchukua zconf.h yake? Heda ikiitwa kwa alama za nukuu, kompaila hutazama kwanza folda ya faili linaloita. Kwenye mashine yangu zlib.h imekaa `/usr/include`, ila zconf.h imewekwa `/usr/include/x86_64-linux-gnu`. Kwa hiyo pale nyumbani haikuonekana, kompaila ikaanza kupita orodha yake ya kawaida, na katika orodha hiyo `/usr/local/include` hutangulia. Orodha hiyo unaweza kuiona kwa `gcc -E -v -x c /dev/null`, chini ya maneno `#include <...> search starts here`.

Nilijaribu njia ya mkato kabla ya kufuta chochote: nikaongeza `-I/usr/include` (yaani, tafuta heda katika folda hii) kwenye CPPFLAGS, chaguo anazopewa kompaila, nikidhani nitaisukuma mbele. Haikufanya kazi. `-v` ikaniambia kwamba inaipuuza, kwa kuwa folda hiyo tayari ni ya mfumo. GCC hufanya hivyo kwa makusudi ili mpangilio wa folda za mfumo usivurugwe. Nikatazama pia kama nina CPATH au C_INCLUDE_PATH, vigeu vinavyoongeza folda za heda, iliyowekwa kimyakimya kwenye `.bashrc`. Zilikuwa tupu, ila hizo mbili huwa siziachi bila kuzikagua.

Nikaibadilisha jina ile heda kuukuu ikawa `zconf.h.zamani`, nikapiga `make clean`, nikaanza upya. Programu ikajengwa yote.

Ningeishia hapo, ila wasiwasi ulinibakia: aliyesahau heda moja si ajabu amesahau na maktaba. Nikapiga `ldd`, inayoonyesha maktaba ambazo programu inazitumia, kwenye programu iliyotoka, na kweli: `libz.so.1 => /usr/local/lib/libz.so.1`. Heda mpya, maktaba ya zamani. Mgongano wa namna hii ni mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu kompaila hailalamiki. Programu inakuja kuanguka siku ambayo hukuitarajia. Nikaandika programu ya mistari mitano inayochapisha `ZLIB_VERSION`, inayotoka kwenye heda, na `zlibVersion()`, inayojibiwa na maktaba yenyewe inapokimbia. Ikatoa 1.2.11 na 1.2.8.

Safari hii sikufuta kienyeji. Nilichukua msimbo wa 1.2.8, nikaupanga kwa `./configure` ileile, nikapiga `sudo make uninstall`, halafu `sudo ldconfig` ili mfumo uhuishe orodha yake ya maktaba. Nikaikimbiza tena ile programu ndogo: 1.2.11, 1.2.11.