Robo tangi na ushei, Mombasa na kurudi

Mwezi wa nne 2022, aliyekuwa na gari Malindi anaukumbuka vizuri. Petroli hakuna, ukifika sheli unakuta koni zimepangwa mlangoni na kijana anakupungia mkono ujiendee zako, na pale mafuta yalipo foleni imetoka mpaka barabara kuu. Kampuni za mafuta zilikuwa zinaidai serikali pesa za ruzuku, pesa hazitoki na mafuta nayo hayatoki. Na Ramadhani ndo imeingia, watu wamefunga.

Katikati ya hayo shangazi yangu akaruhusiwa hospitali Mombasa, amepasuliwa, matatu hawezi kupanda maana inataka alale kwenye kiti na asirushwerushwe. Gari tuliyokuwa nayo ni Toyota Probox ya gia za mkono, ile ya injini ya sisi 1500, ya kupelekea samaki Watamu. Mshale umepita robo kidogo tu. Tangi lake ni lita 50, kwa hiyo tulikuwa na kama lita 16 hivi, na Malindi Mombasa ni kilomita 120 hivi, mara mbili 240. Ukiikanyaga vile watu wa miraa wanavyoikanyaga, hizo lita zinakwishia njiani, na njiani hakuna pa kuongeza.

Ami yangu akasema inatosha. "Lakini utaendesha nnavyokwambia mimi, mwanangu." Ami ameendesha Peugeot 504 njia hii tangu Kilifi inavukwa kwa feri, kabla daraja halijafunguliwa 1991, na mpaka leo asubuhi zake anazimaliza gereji na mafundi, kwa hiyo hata hizi gari za kompyuta anazijua.

Kitu cha kwanza hakikuwa gia hata kidogo, alimwambia binamu yangu alete spana afungue keria ya juu. Keria na maboksi ya samaki juu ya gari, alisema, unasukuma hewa bure njia nzima. Tukajaza upepo wa tairi sawasawa, tukatoa mizani na kamba na vyote vilivyokuwa nyuma, tukaondoka.

Probox yetu haina mshale wa raundi, yaani wa kuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, kwa hiyo akanizimisha redio niisikilize injini. Namba moja ya kuamshia gari tu, mara hiyohiyo mbili, tatu, na kabla hujamaliza kufikiri uko nne, unabadilisha kwenye raundi kama 2,000 au 2,500, hungoji mpaka ipige kelele. Nilipotia tano mapema mno kwenye kamlima gari ikaanza kutetemeka akaniambia shusha nne, ikitetemeka inaumia na mafuta bado inakula. Hapo watu wengi hawapajui, wanadhani gia kubwa siku zote ndo mafuta kidogo. Gia kubwa ndiyo, lakini injini iwe inaenda kwa raha yake.

Spidi 80, basi. Matatu zinatupita, binamu huko nyuma anaona aibu. Ami akamwambia, ukitoka 80 ukaenda 100 hewa inakuzuia zaidi ya mara moja na nusu, na hiyo nguvu ya kuipasua inatoka kwenye tangi. Na siku ile upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza, unatupiga usoni njia yote ya kwenda.

Matuta ya Matsangoni na Tezo ndo yaliyonifunza kuangalia mbali. Ukiliona tuta toa mguu mapema, gari ijiishie yenyewe ndani ya gia, breki uiguse mwisho kabisa, na kama imebaki na mwendo pita nao, usisimame. Kila ukipiga breki ni petroli uliyokwisha kuichoma unaimwaga.

Basi tunateremkia daraja la Kilifi, binamu akasema, "Tia fri hapa, toa gia itereze bure." Ami aligeuka. "Itoe gia uone." Akamweleza polepole, na mimi namsikiliza huku mguu nimeutoa na gia ya nne imo ndani. Zamani kwenye kabureta, injini ikizunguka inaendelea kunyonya petroli hata mguu umeutoa, ndiyo maana madereva wa zamani walitia fri. Hii ina injekta, petroli inapulizwa kwa amri ya kompyuta. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa, kompyuta inafunga petroli kabisa, magurudumu ndo yanaizungusha injini, mpaka raundi zikaribie zile za gari ikinguruma tu imesimama ndo inaanza kumwaga tena. Ukitia fri lazima iichomee injini petroli isizimike, na juu ya hapo huna wa kukushikia gari, breki peke yake inachemka mpaka chini. Kweli kwenye mteremko mdogo fri inakupeleka mbali zaidi, hilo hakulikataa, lakini mteremko wa kuteremkia mtoni ambao utapunguza tu, gia iache mahali pake. Na kuzima gari kabisa kwenye mteremko alikataza kwa ukali, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu, huko ni kuua watu.

Foleni ya Mtwapa tulipokuwa tumesimama kabisa alinizimisha injini, maana gari ikinguruma tu saa nzima inakula nusu lita mpaka lita. Gari zinasonga, nawasha.

Kurudi, shangazi joto likamzidi, tukafunga vioo tukawasha eisii. Mimi nikawa naangalia mshale, Ami akasema mwache apumzike, kusi sasa uko mgongoni. Taa ya mafuta iliwaka tulipoipita Kilifi. Nilibaki 80 vilevile, na maghribi haijaadhiniwa tuko Malindi, shangazi kalazwa kitandani, tende ziko mezani.

Siku chache baadaye bei ikapanda, Nairobi lita ya petroli ya super ikatoka shilingi 134.72 ikawa 144.62, na huku kwetu ikapanda vilevile. Binamu ndo anayeendesha Probox siku hizi. Keria haifungi ila siku ya samaki, akimaliza kushusha tu anaomba spana.