Majivu Kisimani: Safari ya Newala na Habari za Karthala

Mtu anayesimama Shangani, mjini Mtwara, na kutazama mashariki, yuko karibu zaidi na kisiwa cha Ngazidja, katika visiwa vya Komoro, kuliko alivyo na Dar es Salaam. Kwa barabara, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 550 kaskazini, ilhali Ngazidja, kwa mstari ulionyooka juu ya bahari, haifiki kilomita 400. Upande huo wa pili wa maji kuna Karthala, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,361, ambao umelipuka zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19. Ninafundisha Jiografia, na kila ninapofika kwenye mada ya volkano huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba Ol Doinyo Lengai iko katika nchi yetu, lakini volkano hai iliyo jirani zaidi nao ni hiyo ya Wangazidja.

Mwezi wa Julai, wakati wa kupulizia mikorosho, nilisafiri kutoka Mtwara kwenda Newala pamoja na mzee mmoja Mngazidja anayeuza vitambaa mjini kwetu. Mke wake ni Mmakonde, naye alikuwa akienda ukweni kwa shughuli ya arobaini. Niliomba tufuatane kwa sababu nilitaka kuyasikia ya Karthala kutoka kwa mtu aliyelala chini yake, na safari ya basi humpa mzee nafasi ya kusema ambayo dukani haipati.

Lami hadi Mnivata tuliimaliza haraka. Mbele ya hapo, kwenye vipande vya barabara vilivyokuwa vikijengwa, basi lilipunguza mwendo, na mashamba ya mikorosho yakatukaribia pande zote mbili. Wakulima walikuwa wakipulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga wa njano ulielea juu ya miti hadi ukafika madirishani. Abiria walifunga vioo bila kukatiza mazungumzo, maana kwa mtu wa Kusini hiyo ni harufu ya msimu na ya matumaini ya mauzo. Mzee alivua kofia yake akaiweka puani.

“Mwanangu,” alisema, “kwetu harufu ya namna hii ikishuka kijijini, mtu haulizi ni shamba la nani. Anaangalia juu.”

Salfa ya mkulima na salfa ya mlima asili yake ni moja, ila ile ya mlimani hutoka ikiwa imeungana na oksijeni kuwa gesi inayochoma macho na kubana kifua. Gesi hiyo walau hujitangaza kwa harufu. Ya kuogopwa zaidi ni kabonidayoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutuama kwenye mabonde na mashimo, mahali ambapo mtoto anaweza kumfuata mbuzi asirudi. Mwaka 1903 watu 17 walikufa Ngazidja kwa hewa ya sumu iliyotoka kwenye mlima huo, bila moto kuwagusa. Nilipomtajia mzee jambo hilo aliniambia kuwa bibi yake aliwakataza kulala mabondeni wakati wa kuchunga, na hakuwahi kuwaeleza sababu.

Tulipokaribia Tandahimba alianza kuzungumza juu ya Singani. Aprili 1977 alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, na kijiji chao hakikuwa mbali na Singani, katika pwani ya kusini-magharibi. Mlima haukupasuka kileleni, ambako kuna kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, yenye upana wa kilomita tatu hadi nne, bali ulipasuka chini ubavuni, juu kidogo ya makazi ya watu. Hili nadhani ni jambo ambalo watu wengi wa huku hawalijui: sisi tumezoea picha ya mlima wenye tundu moja juu, ambalo mtu anaweza kulikaa mbali. Karthala ina nyufa zilizoenea kutoka kileleni kuelekea kaskazini na kusini-mashariki, na lava inaweza kutafuta njia popote, hata nyuma ya shamba la migomba la mtu.

“Moto ulikuja ukitembea, haukuja ukikimbia,” alisema. “Tulikuwa tukiusikia. Mawe yanasagana, migomba inapasuka. Baba alibeba Msahafu na mama akabeba mdogo wangu, na mbuzi tuliwafungulia wajitafutie.”

Watu walipata muda wa kuondoka, na hakuna aliyekufa. Kijiji kiliunguzwa na lava. Kisha watu walirudi wakajenga tena.

Kijana mmoja aliyekaa kiti cha mbele yetu aligeuka, akamwamkia mzee, halafu akauliza kwa nini warudi mahali palipokwisha kuungua. Ni swali ambalo wataalamu pia huliuliza, mara nyingi kwa sauti ya kulaumu. Mzee hakukasirika. Alieleza kwamba kwa Wangazidja nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na ardhi ya ukoo, wanayoiita manyahuli, hupita kwa upande wa mama. Kumwambia mtu ahame kijiji ni kumwambia binti yake kwamba nyumba aliyowekewa tangu kuzaliwa haipo, na pahali pengine pa kumjengea nyumba hiyo hapapatikani, kwa sababu kila kipande cha kisiwa kina ukoo wake. Mimi naona jibu hilo linatosha. Lengai ilipolipuka kwa nguvu mwaka 2007, wafugaji waliweza kuswaga mifugo yao kwenda kwingine na kusubiri. Shida ilikuwa kubwa, lakini nchi ilikuwapo ya kukimbilia. Ngazidja ina watu zaidi ya laki tatu na nusu, na zaidi ya nusu ya kisiwa ndiyo Karthala yenyewe.

Newala tulifika mchana. Mzee alipokewa na mashemeji zake, tukanawa, tukala ugali na samaki mkavu, na baada ya Alasiri mwenyeji wetu akatutembeza uani. Pale ndipo safari hii ilipopata uzito ambao sikuutarajia.

Nyanda za juu za Makonde hazina mito. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, na maji huja kutokea mbali chini, kwenye miguu ya mteremko. Zamani wanawake waliteremka huko na kupanda tena na mitungi kichwani. Ingawa mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kutoka mabondeni kwa miaka mingi sasa, watu wengi bado wanakitegemea kisima cha nyumbani, ambacho si kisima cha kuchimba hadi kwenye chemchemi, bali ni tangi lililochimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji, linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mvua ikiisha mwezi wa Aprili au Mei, yaliyomo humo ndiyo yatakayonywewa hadi mvua ya mwisho wa mwaka.

Mzee alisimama kando ya kisima hicho muda mrefu. Ngazidja nayo haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu miamba yake ya lava ina matundu na hunywa mvua kama huo mchanga wa Wamakonde. Visima vya pwani huwa na chumvi. Vijiji vya mlimani vinaishi kwa maji ya paa na birika kubwa la saruji.

“Watu wananiuliza habari za moto,” alisema. “Mimi moto nimeuona, na ukanipita. Kilichotukosesha usingizi ni majivu.”

Aprili 2005 Karthala ilirusha majivu, na maelfu ya watu waliyakimbia makazi yao. Usiku wa tarehe 24 Novemba mwaka huohuo ililipuka tena. Safari hizo mbili haikuwa lava inayotembea. Maji yaliyokuwa ndani ya mlima yalikutana na joto la chini, yakageuka mvuke kwa ghafla na kuupasua mwamba, ukatoka ukiwa umesagika. Majivu ya volkano hayafanani na majivu ya jikoni. Ni chembe za mwamba na kioo, kali, zinazokwaruza macho na mapafu, nazo hubeba tindikali na chumvi za floridi kutoka kwenye gesi za mlima. Yakilowa, uzito wake huongezeka, na paa dhaifu huweza kuporomoka. Yakiingia kwenye maji ya kunywa, hata kidogo tu, maji huchafuka na kupata ukali wa chuma mdomoni.

Mzee alikuwa nyumbani kwa dada yake usiku ule. Waliamka wakidhani mvua imeanza, kwa namna paa lilivyokuwa likilia, na asubuhi ikakawia kuwa asubuhi. Birika lao halikuwa na mfuniko. Kufikia mchana maji yote ya familia tatu yalikuwa rangi ya saruji, na ng'ombe waliondoka kwenye hori bila kunywa. Katika kisiwa kizima watu zaidi ya laki moja waliharibikiwa maji kwa mlipuko huo, na mashirika ya misaada yakaanza kugawa maji safi. Mzee alitembea na madumu hadi mahali pa mgawo, akapanga foleni, akarudi na lita zisizotosha wali wa watoto. Halafu mvua ilipokuja, ile waliyokuwa wakiiomba, ilikokota majivu kutoka mlimani na kuyateremsha kama tope hadi kwenye mashamba.

Alipomaliza, shemeji yake alitikisa kichwa akasema, “Basi mlikaa na maji na hamna maji.”

Kesho yake asubuhi tulitembea hadi Shimo la Mungu, ambako nchi ya juu inakatika ghafla na mtu huona bonde la Ruvuma likinyooka kuelekea Msumbiji. Nilimweleza mzee habari za Tristan da Cunha, kisiwa kilicho peke yake katika Atlantiki ya Kusini, ambacho volkano yake ililipuka Oktoba 1961. Watu wote 264 walihamishwa wakapelekwa Uingereza, na wengi wao walirejea mwaka 1963. Alifikiri kidogo akasema kwamba watu 264 ni arusi moja ya Ngazidja. Hao hupata meli. Nilimweleza pia kuhusu volkano iliyozaliwa chini ya bahari mashariki ya Maore (Mayotte) mwaka 2018, ikawatetemesha watu kwa miezi mingi kabla ya meli ya utafiti kuigundua mwaka 2019, ikiwa imeinuka mita zipatazo 800 kutoka sakafu ya bahari, na kisiwa cha Maore kikiwa kimesogea na kudidimia kwa zaidi ya sentimita 10. Hiyo alikuwa anaijua vizuri. Ana jamaa huko ambao walilala nje ya nyumba.

Kuna kituo cha kuangalia Karthala huko Moroni, mji mkuu wa Komoro, tangu mwaka 1988, chenye vipima mitetemeko mlimani, na kazi yake ni ya lazima, maana mitetemo midogo huongezeka kabla ya mlipuko na huweza kuwapa watu saa au siku za kujiandaa. Lakini onyo la saa chache lina faida tu ikiwa mwenye nyumba ana kitu cha kufanya katika saa hizo. Ndiyo sababu tuliporudi kutoka Shimo la Mungu tulipitia kwa fundi anayejenga visima.

Wamakonde hawanywi mvua ya kwanza. Huiacha ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, ndipo huelekeza bomba kisimani. Fundi alituonyesha kiwiko kinachofanya kazi hiyo: hakigandishwi kwa gundi wala saruji, huingizwa kwa kubana tu, ili mtu akigeuze kwa mkono mmoja hata usiku, na maji ya paa yamwagike nje. Mzee alimuuliza itakuwaje ikiwa kinachoshuka si vumbi bali ni majivu ya vidole viwili. Fundi alitaka kujua kwanza yanakuwa mazito kiasi gani. Baada ya kusikia, alisema kiwiko kigeuzwe mara tu onyo linapotoka. Mfuniko uwe wa chuma, wenye ukingo unaoteremka nje ya mdomo wa kisima. Na paa lifagiliwe likiwa kavu, kabla ya mvua, mfagiaji akiwa amejifunga kitambaa kilicholowa puani, asimwage maji juu kwa kudhani anasafisha.

Mzee alipiga picha kila kitu, akarekodi maelezo kwa Kingazidja, akamtumia dada yake. Jibu lilikuja tukiwa bado kwa fundi. Bomba lao ni la inchi nne, alisema, na apelekewe viwiko vitatu: kimoja cha kwake, na viwili vya nyumba za binti zake.