Swichi ya mzee

Juzi Jumamosi binti yangu kaibuka kutoka stoo kabeba ule ubao wa swichi, vumbi mpaka kwenye nyusi, ananiuliza baba hii iliyoandikwa TAA ni ya nini.

Nikakaa chini kwanza.

Ilikuwa 2014, bado tunakaa Sakina hapo Arusha, chumba cha uani. Nilikuwa na mradi wa kujitengenezea chumba cha rubani, cha kurushia ndege za mchezo wa kompyuta, plaiwudi aliyonikatia fundi wa Unga Limited, siti ya Hiace kutoka gereji, usukani wa bomba la maji, na volyumu za redio mbovu nilizochomea kwenye joistiki iliyokufa, kile kijiti cha kuchezea gemu, ili kompyuta ijue nimekata kona kiasi gani. Miezi saba, siisimulii yote.

Mzee alikuwa ameshastaafu ulinzi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Miaka yote ile getini hajawahi kupanda ndege hata moja, ila alikuwa anazijua kwa taa. Alikuwa anasema ile KLM ya usiku inaanza kama nyota huko upande wa Arusha, haiendi kushoto wala kulia, inakua tu. Sasa alipouona ubao wangu swali lake lilikuwa moja, "Mwanangu, na taa ya kutua iko wapi?" Nikafunga swichi siku hiyohiyo, nikaandika TAA kwa makapeni. Waya zilikuwa zimeisha nikasema nitaunganisha wiki ijayo.

Jioni ile tukaruka Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, na Cessna 172, ndege ndogo, kwenye skrini ni usiku, Meru iko kushoto gizani. KIA iko chini ya Kisongo kwa futi kama 1,600 kwa hiyo hamkai sana juu, mara mnaanza kushuka, na mbele ikatokea mistari miwili ya taa za ranwei, myembamba kama uzi. Mzee kofia kaiweka magotini. Hapumui. Nikamwambia mzee washa taa. Akaweka kidole gumba kwenye swichi, akakiacha pale kidogo, halafu akaisukuma juu, tak, na mimi sekunde hiyohiyo chini ya meza nikabonyeza Kontroli na L kwenye kibodi. Lami ikapokea mwanga. Zile alama nyeupe zikaanza kutujia moja moja.

Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa yule wa getini ananiona."

Tulitua, tulidunda mara mbili tukatulia, hayo si kitu.

Tangu siku hiyo ikawa kila Jumapili, miaka minne, yeye swichi mimi kibodi. Wiki ijayo haikufika. Ila kuna siku nilitoka kupokea simu, narudi nakuta ndege iko chini kabisa, ranwei imejaa skrini, usukani kaushika kwa mkono mmoja na kidole kiko kwenye swichi, anasubiri. Hakuisukuma mpaka nilipokaa.

Kaka anasema mzee alijua tangu siku ya kwanza. Mama anakataa, anasema angejua angeniuliza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake muda wote huo na sijui.

"Mbona haiwaki?" binti anaipandisha, anaishusha, tak, tak.

Nimenunua waya mita mbili, iko hapa mezani karibu na ubao. Bado sijachomea.